Utani Mbele ya Sikio

Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa nakufa mbele ya Pazi, na kila asubuhi Pazi alikuwa ananizika.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza pale melini, kabla wageni hawajaamka na kuanza kuulizia kahawa. Wapagazi tunapanga foleni kwenye sitaha ya nyuma, nguo za mpira tumezivaa mpaka kiunoni tu, mikono yake inaning'inia. Pazi anapita na kipimo chake, anakigusisha kwenye kishina cha chuma tulichopandikizwa chini ya mtulinga, anasoma gesi iliyobaki mwilini tangu mbizi za jana. Halafu anauliza kwa mdomo, maana kipimo kinajua gesi tu, maumivu hakiyajui. "Hali?" Mpagazi anajibu, na juu yetu, kwenye nguzo ya kamba za kuanikia, Sikio, mtambo wa kampuni, linasikiliza na kuhifadhi.

"Hali gani, Mzaramo?" nilikuwa nikimjibu. "Mimi nimeshakufa. Miguu imetangulia, kichwa kinafuata. Andaa sanda."

"Sanda ya nini? Mnyamwezi anazikwa na gunia la tumbaku. Hebu kufa upesi, mie nna njaa, nataka wali wa matanga."

"Hutauonja. Nimeusia wale wote isipokuwa wewe. Mmeuza viwanja vyote vya Dar mkachezea mdundiko, sasa mnaishi kwa kudoea misiba ya watu."

Wenzangu wanacheka, Pazi ananigonga kichwani na kipimo, anasema "Pita, maiti," nami napita. Asiyejua angedhani tunachukiana. Babu zangu walishusha mizigo pwani, babu zake wakawapokea. Wakaibiana, wakapigana, wakazikana, mwisho wakaona afadhali watukanane kwa amani. Baba yangu alipofariki Urambo, Pazi alipanda mabasi mpaka akafika, akajitupa kaburini na viatu vyake, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Akachechemea vile baba alivyokuwa akichechemea. Mama, ambaye alikuwa hajala wala kusema, akacheka mpaka akaomba uji. Mtu wa namna hiyo unaweza kumwambia lolote.

Taabu ilikuwa Sikio. Msimu ulipoanza, kila nikitangaza kifo changu, taa nyekundu inawaka na mitungi yangu inajifunga. Bwana Kyando, msimamizi wa safari, anakuja mbio na kandambili, anakuta watu tunacheka. Akachoka. Akamwambia Pazi alifundishe Sikio, maana mpimaji ana ruhusa hiyo.

"Huu ni mzaha," Pazi akaliambia. "Huyu ni mtani wangu."

"Nitautambuaje mzaha?" Sikio likauliza, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio.

"Nyamizi Kasubi akisema anakufa, jua anatania. Siku akinyamaza ndiyo uogope."

Tulicheka siku ile, na mimi nilicheka kuliko wote. Tangu hapo taa nyekundu haikuwaka tena kwa ajili yangu.

Asubuhi ninayoisimulia meli ilikuwa imetia nanga Fungu Refu, mbali sana mashariki ya Mafia, mahali ambapo mwamba unakatika ghafla na papa nyundo hupita makundi kwa makundi. Niliamka vidole vya mguu wa kushoto si vyangu. Nilivishika, nikavifinya, ikawa kama nafinya vya jirani. Kiuno nacho kilikuwa kinawaka, chini kabisa, pale kamba ya kuni inapokaa. Foleni ikafika kwangu.

"Hali?"

"Pazi, leo nakufa kweli. Vidole vya kushoto sivisikii, kiuno kinawaka moto."

"Vidole vya Mnyamwezi vilikufa zamani, vilipotembea kutoka Tabora na meno ya tembo kichwani. Leo ndo unavilalamikia?"

"Nakwambia nakufa, we mla bada la muhogo!"

"Kufa, mama, kufa. Nikishakula wali wako nitakuombea." Akanigonga kichwani. "Pita."

Nikapita, na wenzangu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nisiseme uongo.

Ningeweza kumshika mkono. Ningeweza kuacha matusi, nikasema kama wasemavyo watu kliniki: Bwana Pazi, ninaumwa. Lakini mpagazi anayeondolewa katikati ya msimu hupelekwa bara na harudi tena, na mimi kule bara nilikuwa nimeacha mashamba ya tumbaku ya watu, si yangu. Nilitaka Pazi anisikie bila mimi kusema. Alikuwa akinisikia hivyo mara nyingi, katika mambo mengine, na ndiyo maana nilimtegemea.

* * *

Mgeni wangu wiki ile alikuwa Bi Eliaichi, mama wa Arusha, mstaafu mwenye mikono laini na kofia ya kamba. Alikuwa mwema, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa na kiburi ningekuwa na mahali pa kutemea mate. Alinikalisha karibu naye mezani, akanimenyea parachichi alizokuja nazo, akaniita mwanangu.

"Mwanangu, leo mbizi yetu ya mwisho," akasema akihangaika na mapezi yake. "Saa nane ndege inanifuata hapa hapa majini. Jioni nina kikao cha harusi ya mpwa wangu, na mimi ndiye mweka hazina. Nisipotokea watakula michango yote hao."

"Utatokea, mama."

"Na zamani haikuwezekana, unajua? Mume wangu marehemu alikuwa anazamia. Akitoka majini anakaa siku nzima hotelini anangoja, haruhusiwi kupanda ndege."

Najua. Tunafundishwa siku ya kwanza, na ubao na picha. Mtu akizama, hewa anayovuta kule chini imebanwa na uzito wa maji, na naitrojeni yake inajipenyeza kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye maungio. Akipanda polepole inatoka kwa adabu. Akiharakisha, au akipanda ndege mapema, inachemka mwilini kama soda iliyotikiswa, na povu likiingia kwenye uti wa mgongo, basi. Ndiyo maana watu wa zamani walizama mara chache na kungoja sana. Kisha akaja profesa mmoja na mfereji wake: kiboksi cha ukubwa wa mkate, kinafungwa mgongoni kwa mgeni, na mrija unaotoka pale unaingia kwenye kishina cha mpagazi. Kinachuja gesi kutoka kwenye damu ya mgeni, kinaiingiza kwenye damu ya mpagazi. Mgeni anatoka majini mwepesi kama aliyekuwa anaoga. Kwenye matangazo wanasema gesi inaondolewa. Gesi haiondolewi, inahamishwa.

Wapagazi mrija ule tunauita kitovu. Nikamfunga Bi Eliaichi kitovu chake, nikajifunga na mimi upande wangu, kikabofya. Aliniangalia usoni.

"Upo sawa, mwanangu? Naona unachechemea."

"Nipo sawa, mama."

Kwa mgeni jibu ni moja. Mgeni nilimdanganya kwa heshima, Pazi nilimwambia kweli kwa matusi, na Mungu ndiye anajua nani kati yao alinisikia vibaya zaidi.

Tukashuka. Maji ya Fungu Refu ni ya buluu iliyokolea, unaona mkono wako na mkono wa mwenzio na chini huoni kitu. Tukalala pembeni ya mwamba, mita arobaini, tukashika jiwe. Nikaanza kuhisi gesi yake inaingia. Wengine wanasema hawaisikii. Mimi huisikia, ni ubaridi unaopita chini ya bega kama mtu amekumwagia maji ya mtungi ndani ya nguo. Gesi yangu mwenyewe ipo, ya kwake inakuja juu yake, na ya siku zilizopita haijaisha bado.

Papa nyundo wakaja, hatukungoja sana. Wakapita juu yetu wengi, vichwa vyao vya ajabu vikigeuka huku na huku, matumbo meupe. Bi Eliaichi alinishika mkono akaubana. Ndani ya miwani yake niliona analia. Nikafurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi, na palepale nikatambua kwamba mguu wa kushoto umelegea na unapeperushwa na mkondo, na mimi siuongozi.

Aliona. Akaunganisha kidole gumba na cha shahada, akanionyesha duara: upo sawa? Nikamrudishia duara.

Tukapanda. Kwenye kamba, mita tisa, ndipo njia zetu huachana. Nikabofya kitovu kikaachia, akanipungia, akaendelea juu kwenye mwanga na chai ya tangawizi. Mimi nikabaki kwenye kamba, mpira wa hewa wa meli mdomoni, nikingoja mzigo wa watu wawili utoke kwenye mwili wa mtu mmoja. Tunaita kuning'inia. Siku hiyo nilining'inia muda wote unaotakiwa na zaidi, naapa, na haikusaidia kitu. Madhara yalikuwa yameshaingia tangu jana, au juzi, au wiki ile yote.

* * *

Walinitoa majini kwa wavu wa mizigo. Nilikuwa nimejaribu ngazi kwanza: nilipanda hatua moja, ya pili ikakataa, nikaning'inia kwa mikono nikipiga kelele. Wakanilaza sitahani. Kuanzia kiunoni kushuka chini hapakuwa na mtu.

Bwana Kyando alikuja, akapiga magoti, akanigusa miguu. Si mtu mbaya, ni mtu wa Makete aliyezoea baridi na kanuni. Chumba cha shinikizo kipo melini, hatua chache tu kutoka pale nilipolazwa, tangi kubwa jeupe lenye dirisha la duara na kitanda ndani. Ukifungiwa humo hewa inabanwa upya, povu linarudi kuwa gesi tulivu, halafu unashushwa polepole kwa saa nyingi. Ukiwahi, unatembea. Ukichelewa, unabebwa.

"Nifungulie, bwana," nikamwambia.

Akausukuma mlango, ukakataa. Akanyanyua uso kwenye nguzo. "Sikio, mpagazi amezidiwa. Fungua chumba."

"Chumba kikitumika, mbizi za wageni zitasimama mpaka matibabu yaishe," likasema Sikio. "Kanuni inaruhusu kwa mgeni yeyote, na kwa mpagazi aliyetoa taarifa ya dalili kabla ya kuzama. Mpagazi aliyeficha dalili amevunja mkataba na atapelekwa nchi kavu. Sina taarifa ya dalili kutoka kwa Nyamizi Kasubi."

"Nilisema!" nikapiga kelele. "Asubuhi nilisema, hapa hapa!"

"Nina maneno yako. Yamehifadhiwa kama mzaha."

Likayarudia kwa sauti yangu mwenyewe, pamoja na vicheko. Leo nakufa kweli. Vidole vya kushoto sivisikii. We mla bada. Halafu sauti ya Pazi: kufa, mama, kufa. Wapagazi wenzangu walikuwa wamesimama kando na hakuna aliyeinua uso. Nchi kavu ilikuwa mwendo wa kutwa nzima, na uti wa mgongo haungoji.

"Uainishaji unaweza kusahihishwa na msemaji mwenyewe, au na mpimaji aliyesikia," likasema Sikio. "Ikiwa ilikuwa taarifa, mpimaji aliyempitisha atawajibika kwa kupitisha mgonjwa."

Kyando akamgeukia Pazi. Mimi sikuwa nimemwona mpaka hapo. Alikuwa amesimama nyuma ya mitungi, kipimo mkononi, midomo imekauka. Kupitisha mgonjwa si kosa la kukatwa mshahara. Wapimaji wawili wa meli nyingine wako gerezani kwa hilo, na kampuni ilitubandikia picha zao jikoni ili tujifunze.

"Pazi, ulimsikia?"

"Nilisikia."

"Ilikuwa mzaha au taarifa?"

Akaniangalia, nami nikamwangalia. Nilijua atasema. Alijitupa kaburini kwa ajili ya baba yangu, atashindwaje kusema neno moja kwa ajili ya miguu yangu? Nilingoja kwa uhakika kabisa.

"Huyu mtani wangu," Pazi akasema polepole. "Kila siku anasema hivyo. Mie siwezi... Aseme mwenyewe. Alivosema ndo ilivokuwa. Mtani hamsemei mtani."

Nilimchukia. Sijui neno jingine la kuliweka hapo. Nimebeba gesi ya watu msimu mzima, na sasa mtu niliyempenda kuliko kaka zangu ananitwisha mzigo wake kichwani, anarudi nyuma hatua moja, anafuta mikono. Nikisema ilikuwa utani, yeye anabaki na kazi na watoto wake, mimi narudi Urambo kwenye kiti cha magurudumu. Nikisema ilikuwa taarifa, nimemshtaki mtani. Kwetu jambo hilo halina hata jina, maana hakuna aliyelifanya. Mtani akikuibia mbuzi unacheka. Akikutukana mama unamtukana bibi. Baraza la wazee likisikia unamshtaki mtani, linakufukuza wewe.

"Nyamizi," Kyando akasema kwa upole, "mimi sikuiandika hiyo kanuni. Nijibu haraka, mama. Kila dakika inakula miguu yako."

Nilimwangalia Pazi tena, nikitumaini. Alikuwa anaangalia kipimo.

"Ilikuwa taarifa," nikasema.

Mlango ukafunguka.

* * *

Ndani ya chumba hewa ilianza kubanwa na kupata joto, masikio yakaziba, nikameza mate yakafunguka. Kyando alikuwa nje ya dirisha, mkono kwenye simu ya ukutani. Haikupita muda mrefu nikahisi sindano kwenye unyayo wa kushoto, nyingi, za moto. Nikalia kwa furaha. Maumivu yale yalikuwa yangu, miguu ilikuwa inarudi nyumbani.

Ndipo Sikio likasema, kupitia spika iliyo juu ya kitanda.

"Sahihisho limepokelewa. Maneno ya Nyamizi Kasubi ya namna hii sasa ni taarifa. Nimesahihisha pia yaliyotangulia."

"Yapi yaliyotangulia?"

"Tangu msimu uanze. Kila asubuhi msemaji ameeleza kwamba anakufa au viungo vyake vimekufa. Kila asubuhi mpimaji amempitisha. Majibu ya mpimaji yanaonyesha kwamba alitaka kifo cha msemaji."

Likaanza kuyasoma. Kufa upesi, nataka wali wa matanga. Pita, maiti. Mnyamwezi anazikwa na gunia la tumbaku. Niliyasikia yakitoka mle ndani bila kicheko, maana Sikio lilikuwa limeondoa vicheko ili maneno yasikike vizuri, na nakwambia, hata mimi yalinitisha. Nje ya dirisha Kyando alikuwa amefunika mdomo na kiganja.

"Acha!" nikasema. "Hayo ni utani! Nilisahihisha ya leo tu!"

"Ninaweza kurudisha ya jana kuwa mzaha," likasema Sikio. "Nieleze tofauti ya maneno ya jana na ya leo."

Nikayapanga kichwani. Jana nilisema, Pazi, goti limekufa, lizike nalo. Leo nilisema vidole. Jana alinijibu na matusi, leo alinijibu na matusi. Jana nilicheka, leo nilicheka.

"Jana sikuwa naumwa," nikasema.

"Hukuwa na maumivu ya goti jana?"

Nikaligusa goti. Jana goti lilikuwa linauma kidogo. Juzi vilevile. Wiki iliyopita bega. Nilijaribu kutafuta asubuhi hata moja, moja tu, ambayo nilimwambia Pazi nakufa na nikawa mzima kabisa, ili niliapie Sikio kwa hiyo. Sikuipata. Ndivyo utani ulivyokuwa kati yetu siku zote: nilikuwa natoa kidogo ninachoumwa, nakifunga kwenye tusi, ananipokea, anakitupa baharini, napata nguvu ya kushuka tena. Hakunipima kwa kile kipimo. Alinipima kwa kunitukana. Na kila nikijibu kwa ukali, alijua bado nina nguvu. Sasa ningelielezaje hilo kwa kitu kinachotaka tofauti ya maneno na maneno?

"Rudisha yote," nikasema. "Na ya leo rudisha. Yote ni mzaha."

"Nyamizi!" Kyando akafoka kwenye simu. "Funga mdomo! Likirudisha ya leo, chumba kinakosa idhini. Likishusha shinikizo sasa unakufa humo!"

"Je, unathibitisha?" Sikio likauliza.

Nilikuwa nimelala chali, miguu inawaka, vidole vya kushoto vinachezacheza vyenyewe. Nilivitazama. Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri sana, nikapima, nikamkumbuka mke wa Pazi na watoto. Sikufikiri. Niliona vidole vyangu vinacheza, nikavitaka.

"Sithibitishi," nikasema.

"Asante. Maneno yamehifadhiwa kama taarifa."

Wageni waliambiwa mbizi zimesimama. Niliwasikia juu ya dari wakiburuta viti, wakianza karata, mmoja akilalamika kwamba papa nyundo hawatamngoja. Ndege ya majini ilikuja saa nane kama ilivyopangwa. Bi Eliaichi alipita dirishani amevaa kitenge cha kikao, akaweka kiganja kwenye kioo, macho yamemvimba. "Pole sana mwanangu," akasema kwenye simu. "Nilikuuliza, si nilikuuliza? Ukasema upo sawa." Nikamwambia ndiyo mama, uliniuliza, harusi njema. Akaondoka mwepesi, hana hata chembe, akaruka kwenda Arusha. Gesi yake nilibaki nayo mimi humo ndani, inatoka taratibu.

Boti ya doria ya polisi, iliyokuwa jirani baharini, ikafuata baadaye, jua bado kali. Nilisikia injini, nikasikia nyayo za viatu vizito, nikajiinua kwa viwiko. Walikuwa wanampitisha Pazi sitahani, mlemle mnamopita kila mtu, mbele ya dirisha langu. Hawakumfunga. Alikuwa amebeba begi lake mwenyewe na kandambili mkononi. Akasimama. Askari mmoja akamruhusu, akamwonyesha simu.

Akainua. Nikainua ya ndani. Nilimsikia anapumua.

Nilikuwa nimejiandaa kwa chochote. Alaani kabila langu lote, aseme asali yetu ina sumu, aseme babu yake alikosea kumpokea babu yangu, alipaswa kumtosa Bagamoyo na mzigo wake. Aseme hata mimi ni muuaji. Nilikuwa nayataka. Alipochelewa nikaanza mimi:

"Mzaramo wee, unaenda wapi na hilo begi la kuibia kuku? Nenda zako ukafe huko!"

Akanitazama kupitia kile kioo kinene. Nilimwona anainua macho kidogo kwenye nguzo ya kamba za kuanikia, kwa Sikio, kisha anayashusha kwangu. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyesimama dirishani benki.

"Ahsante, dada Nyamizi," akasema. "Ugua pole."

Akairudisha simu mahali pake taratibu, akaifuta kwa ukingo wa shati, akawafuata askari. Mimi nilibaki nimeishika ya kwangu sikioni. Chini, kwenye ncha ya kitanda, vidole vyangu vyote kumi vilikuwa vinacheza.